Mrija wa kaboni: kuushika ni rahisi, kuuachilia ni matata

Fundi wa saa anakamata skrubu na koleo ndogo, ile wengi wanaita pense, anaiweka pahali pake, anaachilia. Skrubu inabaki pale sababu ina uzito. Kwa mirija ya kaboni ya kiwango cha nano, hatua hiyo ya kuachilia ndiyo inawachokesha wachunguzi.

Mrija huo ni kama karatasi ya atomu za kaboni iliyokunjwa mviringo. Ulijulikana sana kuanzia 1991, Sumio Iijima wa Japani alipoueleza. Unene wake ni nanometa 1 mpaka makumi kidogo, na nanometa 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni. Kwa udogo huo uzito ni kama haupo. Kinachotawala ni mvutano wa atomu zinazokaribiana, nguvu inayoitwa ya van der Waals. Sisi hatuisikii mukononi, lakini kwa mrija ni gundi kabisa: ukiugusa na koleo unanata, na hata ukitikisa hauanguki.

Kuusukuma nako kuna mambo yake. Mwaka 1999, wachunguzi wa chuo kikuu cha North Carolina, Marekani, walisukuma mirija juu ya grafiti kwa ncha ya mikroskopi. Mara iliteleza, mara ilibingirika kama gogo. Kilichoamua ni mpangilio wa atomu. Zile za mrija zikiingiana na za chini, kama meno ya giya, mrija unabingirika. Zikipishana, unateleza tu.

Tena kuna mirija yenye tabaka nyingi, moja ndani ya ingine. Angalia antena ya redio yako, ile ya kuvuta: ni hivyo hivyo. Mwaka 2000, John Cumings na Alex Zettl, kule Berkeley, walivuta tabaka za ndani nje, kisha wakaachilia. Zikarudi zenyewe ndani! Msuguano kati ya tabaka ni mudogo sana.

Kwa mwenye kutafuta beringi ya mashine ndogo, hiyo ni habari njema. Kwa mwenye kutaka kamba yenye nguvu, ni hasara. Mwaka huo huo, Min-Feng Yu, Rodney Ruoff na wenzao waligandisha ncha za mirija kwa kaboni, wakaivuta mpaka ikatike. Tabaka la nje lilivumilia gigapaskali 11 mpaka 63, lakini lilipokatika, zile za ndani zilichomoka kama upanga katika ala. Maana yake, anayeshika mrija ameshika ganda la nje tu. Za ndani hazibebi mzigo.

Wengine wanapiga mirija mionzi ya elektroni ili tabaka ziungane. Inasaidia, ila mionzi ikizidi inatoboa kuta zenyewe.