Lukasa: Ubao wa Kumbukumbu wa Waluba

Aghalabu tunafikiri kwamba taifa lisilo na maandishi huitegemea bahati ya masikio. Waluba wa kusini-mashariki ya Kongo walihifadhi historia ya ufalme wao kwa ubao uitwao lukasa.

Lukasa ni kipande cha mti cha kushikwa mkononi, chembamba katikati, kilichopigiliwa shanga na vipande vya chuma, au kuchorwa kwa kuchongwa. Wasomaji wake walikuwa bana balute, yaani watu wa kumbukumbu, wa chama cha Mbudye. Msomaji aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo uliweza kumwashiria mtawala na watu wake; safu ya shanga, njia ya safari. Hivyo alizifuata habari za Nkongolo Mwamba, mfalme dhalimu, za mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, na za mwanawe Kalala Ilunga aliyemshinda Nkongolo.

Hata hivyo, ubao huu haukusomwa kama kitabu. Alama ile ile iliweza kupewa maana nyingine, kwa kadiri ya hadhira na ya elimu ya msimulizi.

Jambo hili linakumbusha utafiti wa mbali kabisa na Kongo. Mwaka 1973, nchini Marekani, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji kete kwa sekunde 5. Zilipopangwa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alizikumbuka kuliko mwanafunzi kwa mbali. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Kumbe bingwa huona mafungu yenye maana, wala si kete moja moja.

Leo lukasa mojawapo imo katika Brooklyn Museum, New York. Shanga zinaonekana, ila masimulizi ya aliyeishika hayamo ndani yake. Basi kuhifadhi mbao hizo hakutoshi: maneno ya wasomaji nayo hayana budi kuandikwa wangali hai. Nasi walimu wa Kiswahili, tunapompa mwanafunzi jedwali la ngeli alikariri kabla hajasikia sentensi, tunamkabidhi lukasa bila masimulizi yake.