Embakasi hadi New York: masaa 15, na ile ndege ya 1959

Ukiangalia tiketi ya ndege ya usiku kutoka JKIA hadi JFK, unaweza kudhani ni safari ya masaa saba hivi. Unatoka Nairobi usiku wa manane ukikaribia, unashuka New York kukipambazuka. Usidanganyike. Saa za huko ziko nyuma yetu kwa masaa saba, au nane wakati wa baridi yao. Hewani unakaa kama masaa 15. Kurudi ni kama 14, maana upepo mkali wa kule juu huvuma kuelekea mashariki, unakusukuma nyumbani. Umbali ni ule ule, karibu kilomita 11,800.

Kenya Airways walianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Watu walishangilia, na sawa, ilikuwa kitu. Lakini safari ninayoiheshimu kwenye njia hii ni ya Septemba 1959.

Wanafunzi 81 walipanda ndege ya kukodi Nairobi, mpango wa Tom Mboya na marafiki zake Marekani, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege za enzi hizo hazingeweza kufika bila kutua njiani kujaza mafuta. Hata hivyo, kilomita hazikuwa shida kubwa. Kenya haikuwa na chuo kikuu chake, nafasi za Makerere zilikuwa za kuhesabu, na serikali ya kikoloni haikufurahia vijana kwenda kusomea Marekani. Wazazi na majirani walichanga shilingi kwa shilingi. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai. (Na hapana, baba yake Obama hakuwa kwenye ile ndege ya kwanza. Wacheni hiyo stori.)

Sasa hii ndiyo sehemu hatuambiwi darasani. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958, na kazi ya kuujenga ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Hao 81 wakiondoka, Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaisha. Yaani kuna kijana angeweza kuruka akaenda kusoma kutoka kwenye lami iliyomwagwa na mjomba wake bila hiari.

Cheki pia majina. 1959 uwanja wa New York uliitwa Idlewild. Kennedy alikuwa seneta tu. 1960 wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000 kwa safari zilizofuata, na uwanja ukapewa jina lake 1963 baada ya kuuawa. Kenyatta naye 1959 alikuwa amezuiliwa Lodwar. Wote wawili leo wameandikwa kwenye tiketi yako, JKIA na JFK.

Mboya alipewa barabara mjini. Wale waliobeba mawe Embakasi, hebu nitajie jina la mmoja.