Mbuga ina avoka, kijiji hakina: miaka 100 ya sheria za Virunga na Kahuzi-Biega

Mbuga haina mdomo. Inapofikishwa mbele ya hakimu, lazima mtu aisemee. Mtu huyo ni avoka wa Serikali, au avoka wa ICCN, shirika la Serikali linalochunga mbuga za Kongo. Raia wengi wa Kivu hawamjui kwa sura, lakini kazi yake wanaijua. Mama aliyekamatwa na mfuko wa makala, mvuvi aliyenyang'anywa nyavu, familia iliyoambiwa kwamba shamba la babu liko ndani ya mpaka: wote wamekutana na maneno yake.

Kwa familia zilizokimbia vita na kujenga vibanda pembeni ya mbuga, jambo hili si la vitabu. Kuni za kupika zinatoka wapi? Na siku ya kurudi nyumbani, nani atasema shamba ni la nani? Kujibu hayo, ni vizuri kujua sheria hizi zilitoka wapi.

Karatasi ya kwanza

Tarehe 1 Julai 1885, dola la mfalme Leopold II lilitangaza kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya dola. Kwa macho ya wakubwa wa wakati ule, penye nyumba na shamba palikuwa na mwenyewe. Pori la kuwinda, la kuchimba dawa, la kurina asali, au shamba lililopumzishwa, lilihesabiwa kuwa tupu.

Juu ya wazo hilo ndipo mbuga zilijengwa. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert alitia sahihi dekreti ya kuanzisha mbuga yenye jina lake, kwenye milima ya volkano, ili kulinda sokwe wa mlimani. Tarehe 9 Julai 1929 mbuga ikapanuliwa. Tarehe 26 Novemba 1934 ikaundwa taasisi ya kusimamia mbuga za Kongo ya Wabelgiji. Mbuga ikawa na ofisi, ramani, mpaka ulioandikwa na watu wa kuitetea.

Maofisa wa koloni walipita kwa machifu ili wenyeji waachilie haki zao, mara nyingine kwa malipo. Hapo ndipo mgogoro wa mpaka ulipozaliwa. Mpaka leo mzee anasema: “Hatukuuza.” Avoka wa mbuga anafungua faili na kuonyesha karatasi. Hakimu anasoma karatasi. Kumbukumbu ya mzee haina muhuri.

Baada ya uhuru

Uhuru haukubadilisha mpango huo. Tarehe 22 Agosti 1969 ilitoka sheria mpya ya kulinda asili, na mwaka huohuo mbuga ya Albert ikachukua jina la Virunga. Tarehe 30 Novemba 1970 ikaanzishwa mbuga ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, yenye kilomita za mraba 600. Tarehe 20 Julai 1973 sheria ya ardhi ikasema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Tarehe 22 Julai 1975 Kahuzi-Biega ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6.000.

Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu huo walifukuzwa bila fidia. Hawakuwa na shamba la kuonyesha, kwa sababu msitu wenyewe ndio ulikuwa shamba lao, duka lao la dawa na makaburi yao.

Kazi ya avoka wa mbuga

Kesi ya mbuga huanza msituni. Mlinzi wa mbuga aliyekula kiapo ana nguvu ya polisi wa mahakama kwa makosa ya mbuga. Anaandika PV: mahali, saa, vitu vilivyokamatwa. PV inakwenda kwa mwendesha mashtaka. Avoka wa ICCN anaingia kama upande uliodhurika, anaomba adhabu na malipo. Silaha zake ni tatu: PV, ramani na sheria iliyounda mbuga. Mshtakiwa mara nyingi anakuja mikono mitupu, hajui Kifaransa cha tribinali.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba sheria hiyo iliwapiga wadogo tu. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kibali cha kutafuta mafuta katika eneo linaloingia Virunga, upande wa ziwa Edward, na kampuni ya Soco ya London ikaingia kazini. Wavuvi wa Vitshumbi na Nyakakoma waliogopa maji yao kuharibika. Waliopinga walishika maneno ya sheria ya 1969, iliyokataza kuchimba katika hifadhi kamili, na ukweli kwamba Virunga iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Oktoba 2013 shirika la WWF lilishitaki kampuni hiyo kwa kuvunja kanuni za OECD. Juni 2014 kampuni ilikubali kusimamisha kazi. Karatasi ileile inayomfunga mama wa makala ilisaidia kuzuia kampuni ya mafuta. Tofauti ni kwamba safari hii wadogo walikuwa na watu wa kuwasemea.

Batwa wanafungua faili lao

Mwaka 2008 Batwa wa Kahuzi-Biega, wakisaidiwa na wanasheria wa shirika la ERND, walipeleka Serikali mahakamani. Tribinali ilijibu kwamba haina mamlaka juu ya jambo hilo. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Bukavu ilibaki palepale. Mwaka 2015, ERND na shirika la Minority Rights Group walipeleka kesi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Huko sasa Serikali ndiyo ilitakiwa kujibu.

Uamuzi ulitangazwa hadharani mwaka 2024. Tume ilisema Kongo ilivunja haki za Batwa. Iliomba Serikali iwaombe msamaha, iwalipe fidia na iwapatie hati za ardhi yao. Ilikataa pia wazo kwamba msitu hauwezi kulindwa mpaka wenyeji watoke.

Wakati kesi hiyo inasubiri, mambo mengine yalisogea. Sheria ya 11 Februari 2014 inataka wenyeji waulizwe kabla ya kuunda mbuga mpya. Sheria ya 15 Julai 2022 inatambua haki za watu wa asili, pamoja na ardhi. Lakini Februari 2020 Batwa 8, wakiwemo wanawake 2, walihukumiwa na tribinali ya kijeshi kwa sababu ya mambo ya Kahuzi-Biega, katika kesi ya siku moja. Sheria juu ya karatasi, na mtu wa kuitumia: hivyo ni vitu viwili.

Haki ambazo kila familia izijue

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Inampa kila mtu haki ya kutetewa na avoka, tangu hatua ya kwanza. Inasema mali haichukuliwi bila fidia ya haki inayotangulia. Tribinali za kijeshi ni kwa ajili ya wanajeshi na polisi. Wakati wa vita au hali ya kuzingirwa, kama ile iliyotangazwa Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, zinaweza kuhukumu raia, lakini haki ya rufaa haiondolewi.

Kila baro ya maavoka inapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa asiye na pesa. Watu wanaijua kwa jina la pro deo. Mtu aliyekamatwa, au ndugu zake, wana haki ya kuiuliza.

Kuna pia kazi isiyohitaji avoka. Vita vimetawanya ofisi na faili nyingi. Familia iliyokimbia inaweza kuandika sasa, wazee wakiwa bado hai: jina la kilima, mto unaopakana na shamba, majina ya majirani pande zote nne, mwaka wa kufika, mwami aliyewapokea. Kama kuna risiti au hati, ipigwe picha na nakala iwekwe kwa ndugu wa mbali. Mbuga ilianza na kuandika mpaka wake mwaka 1925. Mwenye shamba naye anaweza kuandika wa kwake kabla ya siku ya kurudi.