Muyaka na Visa Vilivyomtungisha

Wengi wetu hapa Brussels tunalijua jina la Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840. Je, mashairi yake yalitokana na nini?

Yalitokana na mji wake. Kabla yake, tungo nyingi zilizoandikwa zilikuwa tendi ndefu za dini. Muyaka aliutia ubeti wa mistari minne barazani, sokoni na vitani. Wamazrui wa Mombasa walipogombana na Lamu na Seyyid Said wa Oman, yeye aliwatetea kwa shairi, na Lamu nayo ilikuwa na malenga wake, Bwana Zahidi Mngumi. Utawala wa Wamazrui ulianguka mwaka 1837. Alitunga pia juu ya mapenzi, safari na ufukara.

Mengi ni mafumbo. Tunayafumbua kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890. Aliyakusanya pamoja na maelezo yake, na mmisionari William Taylor akayahifadhi. Karatasi hizo zipo London, saa mbili kwa treni kutoka hapa.

Sisi wahandisi twajua kuwa mchoro usio na vipimo haujengi nyumba. Shairi nalo lahitaji kisa chake. Wazee wetu waliotoka Mombasa, Bukavu au Bujumbura wana nyimbo zao. Tusizirekodi tu, tuwaulize ziliimbwa kwa sababu gani. La sivyo, watoto wetu watarithi maneno matupu.