Ukusanyaji wa jezi za zamani za soka ya Uingereza

Ukusanyaji wa jezi za zamani za soka ya Uingereza ni shughuli ya kutafuta, kuthibitisha na kuhifadhi jezi halisi za klabu za nchi hiyo na za timu ya taifa ya England. Wakusanyaji hutofautisha jezi zilizovaliwa na wachezaji uwanjani na zile zilizotengenezwa kuuziwa mashabiki.

Jezi za mashabiki zilishamiri katika miaka ya 1970, baada ya kampuni ya Admiral kuingia mikataba na Leeds United na kisha England, na kuuza madukani jezi zenye nembo yake. Mwaka 1979 Liverpool ilianza kuvaa jina la mdhamini Hitachi kifuani. Majina ya wadhamini sasa husaidia kutambua msimu wa jezi. Mojawapo ya zinazotafutwa sana ni jezi ya ugenini ya Arsenal ya 1991–1993, ya manjano yenye michoro, iliyotengenezwa na adidas.

Ili kubaini jezi bandia, mkusanyaji hukagua lebo ya ndani, mishono, kitambaa, na kama nembo imedariziwa au imebandikwa. Jezi iliyochezewa hulinganishwa pia na picha za mechi husika.

Bei hutegemea uhaba, hali na historia ya jezi. Mwaka 2000, jezi aliyovaa mchezaji wa England Geoff Hurst katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 iliuzwa mnadani Christie's, London, kwa zaidi ya pauni 91,000.