Mizani na Wenye Kuisoma: Juu ya Kuwaandaa Viongozi na Watumishi wa Ushirika wa Pamba katika Nchi ya Simiyu

Mtu apitaye Bariadi, Itilima, Maswa au Meatu kati ya mwezi Mei na Agosti huona marundo meupe mbele ya maghala, magunia yaliyoshindiliwa, na watu wamekaa kivulini wakingoja zamu yao. Mlangoni ipo mizani. Yuko anayepima na yuko anayeandika. Mwenye pamba husimama kando akitazama. Makala haya yanahusu watu hao watatu. Nakusudia kueleza jinsi viongozi na watumishi wa vyama vya ushirika vya pamba walivyoandaliwa kwa kazi yao tangu miaka ya 1950, na kwa nini, mara baada ya mara, kazi yenyewe ilibadilika kabla mtu hajamaliza kujifunza ile ya kwanza.

Yapo mambo mawili ya kutangulia. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na wilaya ya Bariadi yenyewe ilimegwa kutoka Maswa. Kwa hiyo tukisema habari za zamani hatuna budi kusema habari za Jimbo la Ziwa zima. La pili, huenda msomaji akauliza pamba ina uhusiano gani na chuo cha theolojia. Katika lugha yetu ni herufi moja tu inayotenga ushirika na usharika, na katika vijiji vingi mtu anayetunza daftari la chama huweza kuwa ndiye anayehesabu sadaka siku ya Jumapili.

Wasukuma hawakungoja ushirika wa kuandikishwa serikalini ili wajue kazi ya pamoja. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaongoza katika kulima mashamba ya watu kwa zamu na kuwakumbusha wavivu wajibu wao. Ngoma ya majembe, bugobogobo, ilizaliwa katika kazi ya namna hiyo. Lipo jambo moja ambalo wasifu wa desturi hizi hulisahau: uongozi huo ulijifunzwa hadharani. Kila aliyelima aliona mstari wa mwenzake, na kiongozi asiyefaa alijulikana kabla ya jua kuzama. Hapakuwa na siri ya kitaalamu kati ya kiongozi na anayeongozwa.

Pamba ilileta siri hiyo, yaani namba. Ilipoenea kuwa zao la biashara chini ya Waingereza, mkulima alilazimika kumwuzia mtu aliyekuwa na mizani, daftari na kalamu, hali yeye mwenyewe hakuwa navyo. Shule zilikuwa chache. Nassa, ambayo leo imo katika wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha wamisionari wa CMS tangu 1888, kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909; mahali kama hapo palitoa wasomaji wa Biblia, na baadhi ya wasomaji hao wakawa makarani. Lakini kwa mkulima wa kawaida, mshale wa mizani ulisema lugha asiyoijua. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia, na manung'uniko juu ya vipimo yalikuwa wimbo wa kila msimu.

Hapo ndipo alipotokea Paul Bomani. Alizaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mchungaji wa Kiadventista. Alipata kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kujenga kiwanda wala kwa kudai ukiritimba. Walianza kwa mizani. Kufikia mwaka 1952, wakulima walikuwa wakiweka wapimaji wao wenyewe ili pamba ipimwe kabla haijafika kwa mnunuzi, na mwenye mali ajue uzito wake mapema. Mwaka huo huo lilikuwapo shirika la wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambalo ndani yake vyama vya msingi vilianza kuchipuka.

Naona hatua hii ilikuwa na maana zaidi ya ile inayopewa katika vitabu vya siasa, ambavyo huipitia haraka ili vifike kwenye habari za uhuru. Mpimaji huyo wa kwanza aliajiriwa na wale wale aliowapimia. Mafunzo yake yalikuwa mafupi: kusoma mizani, kuandika uzito, kutia sahihi. Lakini waliomwajiri walijifunza pamoja naye, kwa kuwa walisimama pale pale wakilinganisha namba mbili. Ushirika wa Kilimanjaro, KNCU, ulioandikishwa mwaka 1933, ulikua ukiwa karibu zaidi na mkono wa serikali ya kikoloni. Huu wa Usukuma ulitoka kwenye shaka ya mkulima, na shaka ni mwalimu mzuri iwapo mwenye nayo amepewa njia ya kuipima.

Mnamo 1953 Bomani alipelekwa kusoma mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza. Bila shaka huko alisikia habari za wafumaji wa Rochdale, waliofungua duka lao mwaka 1844 na baadaye wakaamua kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa elimu. Aliporudi, vyama viliungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, iliyojulikana kwa herufi VFCU, naye akawa meneja wake mkuu. Mwaka uliofuata kiwanda chao cha kwanza cha kuchambua pamba kilianza kazi Kasamwa, upande wa Geita. Kabla ya muongo huo kwisha, VFCU ilikuwa imeshika ununuzi wa pamba ya jimbo zima, na ilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani.

Ndipo kazi ilipobadilika kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa mlinzi wa mizani ya mtu mwingine sasa alikuwa mwenye mizani. Katibu wa chama cha msingi alipokea fedha za kununulia mazao, akatenga pamba ya daraja la kwanza na ya pili, akaandika stakabadhi, akatunza ghala, akangoja lori, na mwisho akajibu kwa kila kilo iliyopungua. Ni vema tukae kidogo juu ya hilo la kupungua, maana ndilo chanzo cha mengi.

Pamba mbichi ina unyevu. Ikikaa ghalani wiki kadhaa katika jua la Juni na Julai hukauka, na ikikauka hupungua uzito. Tena wapo wakulima, tuseme kweli, walioinyunyizia maji au kutia mchanga usiku wa kuamkia soko. Gunia lililopokelewa kwa uzito fulani mlangoni hufika kiwandani likiwa na uzito mdogo zaidi, na tofauti hiyo huandikwa kama deni la chama. Katibu akishtakiwa kwa upungufu, atajikingaje msimu ujao? Atapunja kidogo mlangoni. Kilo moja hapa, nusu kilo pale, si lazima kwa wizi. Mara nyingine ni kwa hofu tu. Lakini mkulima anayetazama hawezi kutofautisha hofu na wizi, na kwake ni ile ile mizani ya zamani, ila sura ya mpimaji imekuwa ya ndugu. Mafunzo ya uwekaji hesabu pekee hayakuweza kuondoa tatizo hili. Lilihitaji katibu ajue hesabu ya unyevu, kamati ijue, na mwanachama naye ajue, ili wote wakubaliane mapema mzigo wa kukauka unabebwa na nani.

Wakati huo huo walioweza kufundisha waliondoka. Bomani aliingia Serikalini mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa taifa changa lilihitaji watu. Ila ushirika ulikuwa ndio kitalu, na kitalu kikichumwa mapema hubaki mashimo. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963. Mwaka uliofuata kikaundwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kwa msaada wa nchi za Skandinavia, kufundisha kamati na wanachama kwa masomo ya posta na vikundi vya kusikiliza redio. Wazo lilikuwa zuri sana. Lakini Moshi ni mbali na Bariadi, na aliyeweza kusoma somo la posta alikuwa tayari ni yule mwenye shule.

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika, chini ya uenyekiti wa Mhaville. Ilikuta wanachama wasiojua haki na wajibu wao, watumishi wasio na ujuzi wa kutosha, ajira za kujuana na uingiliaji wa siasa. VFCU iliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mwaka 1968 mahali pake pakashikwa na Nyanza Cooperative Union. Sheria ya mwaka huo iliunda tume moja ya utumishi wa ushirika kwa nchi nzima, ili ajira, mishahara na uhamisho visiwe tena mikononi mwa kamati za mahali. Dawa hiyo iliponya ugonjwa mmoja. Mtoto wa shangazi hakuajiriwa tena kwa urahisi. Lakini mtumishi alianza kutazama Dar es Salaam kwa cheo chake, wala si baraza la wanachama. Kati ya orodha ile ya maovu, lile la kwanza, kwamba mwanachama hakujua, ndilo lililopata fedha kidogo zaidi.

Na mwanachama alikuwa nani? Kwa kawaida jina lililoandikwa daftarini lilikuwa la mume mwenye kaya. Palizi na uchumaji ulifanywa kwa sehemu kubwa na wake na watoto wa kike. Walioshika kila tumba la pamba kwa vidole vyao hawakuitwa kwenye mkutano wala kwenye somo, na hivyo nusu ya macho yaliyoweza kuisoma mizani yaliachwa nyumbani.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Kijiji kilichoundwa kwa sheria ya 1975 kikafanywa chombo cha ununuzi, na Mamlaka ya Pamba ikachukua kazi ya vyama vikuu. Mwishoni mwa muongo huo Serikali ilipeleka mameneja wa vijiji, watumishi wake yenyewe. Sitakaa hapa kirefu. Inatosha kusema kwamba makatibu waliokuwa wamejifunza kwa miaka ishirini walitawanyika, na ujuzi wao, ambao haukuwa umeandikwa mahali popote, ukaenda nao.

Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1984 Shinyanga ikapata chama chake kikuu, SHIRECU, ambamo vyama vya Bariadi, Maswa na Meatu viliingizwa. Neno "viliingizwa" nalitumia kwa makusudi. Chama kilirudi, magari na viwanda vikarudi, ila wale watu hawakurudi. Chuo cha Kizumbi, karibu na mji wa Shinyanga, kilisogeza elimu ya ushirika jirani zaidi. Hata hivyo madeni yalikua upesi kuliko wahitimu.

Kisha likaja badiliko kubwa kuliko yote. Sheria ya 1991 ilitaka ushirika uwe wa hiari, na mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa makampuni binafsi. Katika misimu michache SHIRECU ilipoteza sehemu kubwa ya soko. Watumishi wengi walipunguzwa kazini. Baadhi yao, wakiwa na ujuzi ule ule wa mizani na stakabadhi, waliajiriwa na makampuni kwa msimu, wakalipwa kwa kilo walizokusanya. Mkulima alifurahia fedha taslimu na kushindaniwa na wanunuzi. Lakini wakala anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kukataa pamba chafu, na sifa ya pamba ya Tanzania ikateremka. Hakuna kampuni iliyoona faida ya kumfundisha karani ambaye mwakani angefanya kazi kwa mshindani wake. Tukumbuke jambo hili tunapowasikia wanaosema kwamba soko hufundisha lenyewe.

Sheria ya 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Chuo cha Moshi kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Na kuanzia msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba yote inunuliwe kupitia vyama vya msingi, vile tuviitavyo sasa AMCOS. Mkoa wa Simiyu, ambao huzalisha kiasi cha nusu ya pamba ya nchi, ulibeba mzigo mkubwa zaidi wa agizo hilo. Vyama vilivyokuwa vimelala vilipaswa kupata, katika muda mfupi, mwenyekiti, kamati, katibu, akaunti ya benki na mizani. Semina zilifanyika, nyingi za siku chache. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa miezi kadhaa bila malipo ya pamba waliyokwisha kuikabidhi. Katibu wa AMCOS, aliyefundishwa kujaza stakabadhi, alijikuta akitakiwa kueleza soko la dunia kwa wazee waliobisha hodi kwake alfajiri.

Katika misimu ya karibuni mizani ya kielektroniki imeanza kuchukua nafasi ya ile ya kuning'inizwa. Haina mshale wa kusukumwa kwa kidole, na namba zake huonekana kwa mbali. Pamba, hata hivyo, bado hukauka ghalani kama ilivyokauka mwaka 1956, na upungufu wake bado huandikwa kwa jina la chama. Katika mkutano mkuu wa mwaka, ajenda ya taarifa ya mapato na matumizi husomwa na katibu akiwa amesimama. Wanachama husikiliza, kisha mwenyekiti huuliza kama kuna swali.