Bunduki ya Babu Ina Umri Gani?

Huenda nyumbani mwenu, msomaji mpenzi, imo bunduki ya zamani aliyoiacha babu. Kitako kimepasuka, chuma kimeshika kutu, na watoto huambiwa: "Hii babu alipewa na Tippu Tip mwenyewe." Je, ni kweli? Tusibishane bure. Chuma chenyewe kina maandishi, tukiulize.

Kwanza tukumbuke habari za mji wetu wa Kisangani. Kituo cha Stanley Falls kilianzishwa mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alifanywa liwali wa hapa. Mwaka 1890 alishika njia ya kurudi pwani, akafa Unguja mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia bunduki za namna mpya zisiingie ovyo katika nchi zetu. Gumegume na baruti ya kawaida hazikukatazwa kabisa.

Basi, ikiwa bunduki yenu ni ya marisau, ya kukunjwa katikati, tafuteni alama. Hakikisheni kwanza kwamba haina risasi ndani. Kisha mtu ajuaye aifungue, mwutazame mtutu upande wa chini. Futeni kwa kitambaa na mafuta tu. Msitumie tupa wala msasa, maana mtaufuta ushahidi.

Mjini Liège, Ubelgiji, mitutu hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kupita kawaida. Mtutu ukistahimili, hupigwa chapa: herufi ELG na nyota ndani ya duara refu kama yai. Tangu mwaka 1893 duara hilo lina taji juu yake. Mkiliona taji hilo, hadithi ya Tippu Tip imekwisha, maana alikuwa ameondoka miaka 3 kabla.

Tena, tazameni kama yuko simba juu ya herufi PV. Chapa hiyo ilianza mwaka 1898, na maana yake ni kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Wakati huo Padri Gabriel Grison alikuwa amekwisha fika hapa, mwaka 1897, na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli.

Tangu mwaka 1922 herufi ndogo huonyesha mwaka: a ni 1922, b ni 1923, hata z ambayo ni 1947. Msiichanganye na herufi ya mkaguzi, yenye nyota au taji juu yake. Wala namba 12 si mwaka: risasi 12 za mviringo, zenye upana wa mtutu huo, huwa na uzito wa ratili moja.

Lakini mwaka wa chapa si mwaka ambao babu aliipata. Hapo waulizeni wazee, mtafute na kibali chake cha zamani.

Neno hili si la kujifurahisha tu. Bunduki ya Liège isiyo na chapa ya PV msiitie risasi za siku hizi. Mtutu waweza kupasuka na kumwondolea mwindaji mkono au macho. Hata yenye chapa, kutu yaweza kuwa imeula mtutu. Fundi aipime kwanza.

Na kama hadithi ya nyumbani imeanguka, babu hakuvunjiwa heshima. Andikeni mliyoyaona, mkayaweke pamoja na kibali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.